Uso wa Saa Haukwanguliwi

Katika vijitabu vyetu tunaandika sana juu ya ngoma, mahari na majina ya milima ya Marungu. Leo mimi nataka kugombana juu ya saa. Zile za mfukoni, za mnyororo, ambazo wazee waliofanya kazi ya reli ya Kalemie–Kabalo walirudi nazo hapa Pepa, na wajukuu wao sasa wanazipeleka kwa fundi "zifanywe mupya".

Nani alisema saa ya mzee lazima iwe mpya?

Nkambo wangu aliniachia moja. Kadra yake ilikuwa ya emaye nyeupe, kama ya bakuli za zamani, yenye nyufa nyembamba kama unywele. Tarakimu zilikuwa na unga mgumu wa manjano uliogeuka kahawia. Fundi mmoja akaniambia: "Mwalimu, hii ni buchafu tu, nitaitosha yote." Akakwangua tarakimu kwa wembe, akapuliza vumbi mezani, akasugua kwa dawa ya meno mpaka jina la kiwanda likatoka, kisha akachora tarakimu upya kwa rangi ya kucha. Watoto walikuwa wamesimama wanaangalia. Na mimi, mwalimu wa fizikia, niliangalia vilevile, hata nikalipa.

Buchafu gani! Saa za nusu ya kwanza ya karne ya 20 zenye kung'aa gizani zilipakwa radiamu iliyochanganywa na unga wa zinki na kiberiti. Huo unga unachoka, ndiyo sababu saa inaacha kung'aa. Radiamu haichoki hivyo: inahitaji miaka 1600 ipungue nusu tu. Ikifungiwa chini ya kioo haina hatari kubwa. Ikiwa vumbi inaingia mapafuni, inakwenda kukaa mifupani kama chokaa. Wasichana wa kiwanda kule New Jersey, Marekani, walichongoa brashi kwa midomo walipopaka kadra hizo, wengi wakafa. Watano walishtaki, kesi ikamalizika 1928.

Tena radiamu yenyewe ilitoka wapi? Shinkolobwe, Katanga! Tangu 1922 madini ya huko yalisafishwa Olen, Ubelgiji, na kwa miaka kama kumi Wabelgiji ndio waliotawala soko la radiamu duniani. Kwa hiyo inawezekana kabisa udongo wetu ulikwenda Ulaya, ukarudi ndani ya mfuko wa mzee wa Marungu, nasi tukaupuliza kama vumbi la chaki.

Najua jibu lao: usafi ni heshima kwa marehemu. Haya. Bibi zetu wa Kitabwa walikuwa na chale usoni. Kuna mjukuu aliyewahi kuzisugua ili bibi aonekane kijana? Nyufa za kadra ni chale zake. Pengine saa ilianguka siku treni ilipochelewa, pengine mtoto aliitupa; ukiipaka rangi, hakuna tena wa kuuliza.

Sikatazi kusafisha. Emaye tupu, isiyo na ule unga, inavumilia: ondoa mishale, toa kadra kwenye mashine, halafu maji vuguvugu, sabuni kidogo, brashi laini, kausha kwa kitambaa cha pamba. Weusi ulioingia ndani ya nyufa uache. Kadra ya chuma iliyochapwa maandishi juu, hapana kuigusa na maji hata kidogo. Vanishi yake ni nyembamba, maandishi yanaondoka na kidole. Na ukiona ule unga wa kahawia, usifungue hata kioo. Mwambie fundi atengeneze mashine kwa nyuma, ama airudishe.

Saa ya nkambo iko ndani ya kopo la maziwa ya unga, juu ya kabati, mbali na watoto. Inatembea vizuri. Kadra ni nyeupe sana, na jina la waliyoitengeneza halisomeki tena.