MAISHA YA MJINI: Fundi Akisha Kuondoka, Kitu Kikakosekana

Hapana nyumba isiyohitaji fundi. Leo bomba linavuja, kesho taa haziwaki, kesho kutwa kitasa cha mlango kimekwama. Mwenye nyumba humwita mtu asiyemjua sana, akamfungulia mlango na kumpeleka jikoni au chumbani, mahali ambapo hata jirani wa miaka mingi hajapata kufika. Kazi hii ina heshima yake, lakini pia ina hatari yake. Maana kitu kikikosekana baada ya fundi kuondoka, jina la kwanza kutajwa ni lake.

Jambo hili hutokea mara nyingi katika mitaa ya mashariki ya Nairobi, na hasa Kayole, ambako nyumba za kupanga za ghorofa zimesongamana, na watu wengi hukaa ukuta kwa ukuta bila kujuana majina. Mafundi wa huko wengi ni wa jua kali, jina lililotokana na watu kufanya kazi nje pasipo paa. Mwaka 1972 wataalamu wa Shirika la Kazi Duniani walitoa taarifa yao juu ya Kenya, wakaeleza ya kuwa kazi ndogo ndogo za namna hii huzalisha mali na huwapa watu wengi riziki, nazo hazistahili kudharauliwa. Lakini fundi wa namna hii hana duka lenye bango, wala hatangazwi katika redio. Mali yake ni mkoba wa vyombo, simu yake, na jina lake jema midomoni mwa watu. Wakimsifu, hula, wakimtilia shaka, hulala njaa.

Yatwaliwe kwa mfano mambo ya nyumba moja. Mke na mume wameweka shilingi elfu sita za karo ya mtoto katika bahasha, juu ya kabati. Jumamosi asubuhi anakuja fundi wa bomba kutengeneza sinki. Anafanya kazi saa moja, analipwa, anakwenda zake. Jumapili jioni bahasha haionekani. Kabla hata ya kufungua kabati, mke anasema, “Ni yule fundi.” Mume anampigia simu kwa maneno makali. Fundi anakana, na kule kukana kunahesabiwa kuwa ni ujanja. Jumatatu msimamizi wa jengo ameambiwa, na kabla ya juma kwisha wasimamizi wa majengo mengine matatu wamepata habari. Kila mmoja anasema, “Yule asiitwe tena.”

Siku ya tisa, mama yake mume, aliyekuwa amekuja kuwasalimu na kurudi kwake Jumapili ile asubuhi, anapiga simu kuuliza kama karo imelipwa. Anaposikia habari za wizi anashangaa. “Mwanangu, nilizitia ndani ya debe la unga. Mlisema mtu mgeni anakuja, nikaona nizifiche.”

Basi na litazamwe jambo hilo vizuri. Fedha zile hazikuondolewa mahali pake na mwizi, bali ziliondolewa na dhana. Dhana ilizificha kwa kumwogopa fundi, kisha dhana ile ile ikamlaumu fundi kwa kuwa hazionekani. Na katika siku tisa zote hapana aliyemwuliza mama, ingawa alilala katika nyumba ile usiku mzima.

Kosa la watu wengi ni kuchanganya saa mbili. Saa ya kugundua hasara si saa ya kupotea kwa kitu. Fedha zilizowekwa Jumatatu na kutafutwa Jumapili zimekuwa na siku sita za kutoweka. Lakini akili yenye hasira huzisahau siku zote, ikashika saa moja tu, ile aliyokuwamo mgeni. Mtoto aliyetumwa dukani, mgeni wa Jumatano, mwenye nyumba mwenyewe aliyebadilisha mahali pa kuweka akasahau, hao wote hawafikiriwi, maana wanapendwa. Mtu huchagua wa kumshuku si kwa ushahidi bali kwa ugeni wake.

Wako mafundi wezi, wala hapana haja ya kulificha neno hilo. Watu husema ya kuwa samaki mmoja akioza, wote wameoza. Lakini mafundi si samaki wa tenga moja, na kila mtu huchukua mzigo wa tendo lake mwenyewe. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 50, humpa kila mshtakiwa haki ya kuhesabiwa hana hatia mpaka ithibitishwe kinyume. Kifungu cha 31 hulinda mwili, nyumba na mali ya mtu zisipekuliwe ovyo. Kwa hiyo jirani aliyekasirika hana ruhusa ya kuumwaga mkoba wa fundi barabarani. Na sheria ya mwenendo wa mashtaka ya jinai huagiza raia anayemkamata mtu amkabidhi kwa polisi bila kukawia. Haimpi raia mamlaka ya kupiga.

Agizo hilo lina sababu. Mwezi wa Agosti 2021, huko Kitengela, vijana wanne walidhaniwa kuwa wezi wa ng’ombe, wakauawa na kundi la watu. Jamaa zao walikana kabisa ya kuwa walikuwa wezi, lakini wafu hawakupata nafasi ya kuulizwa neno lolote. Kati ya kunong’ona “ni yule fundi” na kupiga kelele za “mwizi” njiani hapana safari ndefu, hasa katika mtaa uliojaa watu ambao hawamjui mtu yule.

Basi afanyeje aliyepoteza kitu? Kwanza atafute, kisha atafute tena mahali pasipodhaniwa. Pili aulize kila mtu wa nyumba, wakubwa kwa wadogo, pamoja na waliokwisha kuondoka. Tatu, akitaka kumwuliza fundi, amwulize kwa adabu kama aliiona bahasha, si kwa nini ameichukua. Maana fundi mwema huweza kuwa shahidi mzuri wa mahali kitu kilipokuwa. Nne, akienda polisi, aeleze alichoona: kitu gani, kiliwekwa wapi na lini, nani waliingia. Apeleke habari ya kitu kilichopotea, wala asipeleke hukumu ya mtu. Kazi ya kutafuta mwizi ni ya polisi, na kazi ya kuhukumu ni ya mahakama.

Tena kuzuia ni bora kuliko kulaumu. Kabla fundi hajaingia, vitu vya thamani viwekwe mbali, na wa nyumbani wote waambiwe mahali vilipowekwa. Mtu mmoja wa nyumba akae karibu wakati wa kazi. Fundi naye na aombe awepo mtu, na kazi ikiisha amwonyeshe mwenye nyumba mahali palipotengenezwa kabla ya kufunga mkoba. Desturi hiyo huwalinda wote wawili, wala si tusi kwa yeyote.

Limebaki neno la mwisho, nalo ndilo gumu. Kitu kikisha kuonekana, wengi hufurahi kimya kimya na kuliacha jambo lipite. Hiyo si haki. Radhi iombwe mahali pale pale pa lawama: kama wasimamizi wanne waliambiwa, wanne hao hao waambiwe ukweli, tena upesi, na fundi aitwe kwa kazi nyingine mbele ya macho ya majirani. Shilingi elfu sita zilikaa salama ndani ya unga siku tisa. Kazi ambazo fundi alikosa katika siku hizo hazimo katika debe lolote, wala hapana atakayemrudishia asipokuwa yule aliyemnyima.