Jangwa ni la Umma, Waacheni Waokota Mawe Waingie

Vijana wenzangu, leo natoka kidogo nje ya mada zetu za kila siku. Nataka tuzungumzie watu wanaookota mawe kwenye majangwa ya Marekani. Najua wapo watakaosema huyu naye kakosa cha kuandika. Subirini. Hoja iliyopo hapa tunaijua vizuri sana: ardhi ya umma ni ya nani, na nani ana haki ya kuifunga?

Kwanza tuelewane. Serikali ya shirikisho ya Marekani ina idara ya ardhi inayojulikana kwa kifupi kama BLM. Idara hiyo inasimamia ekari milioni 245 hivi za ardhi ya umma, karibu zote upande wa magharibi na Alaska, na sehemu kubwa ni nyika na majangwa. Huko raia wa kawaida anaruhusiwa kuokota mawe kwa kiasi, kwa matumizi yake mwenyewe, bila leseni wala malipo. Kuuza haruhusiwi. Kwa miti ya kale iliyogeuka mawe kuna kipimo kabisa: takriban kilo 11 na kipande kimoja kwa siku, isizidi kilo 113 kwa mwaka. Mifupa ya wanyama wa kale haiguswi bila kibali. Vyombo na mabaki ya wenyeji wa asili ndo kabisa, ukivichukua ni kesi. Huo ni uhuru wenye mipaka, na mipaka yake inaeleweka.

Wanaoutumia uhuru huu si matajiri. Ni wastaafu, walimu, wazazi na watoto wao wikiendi. Kwenye jangwa la Mojave, California, wanakwenda milima ya Cady kutafuta akiki, na Lavic kutafuta yaspi. Majina hayo waliosoma Ufunuo wanayakumbuka. Karibu na mji wa Blythe wanatafuta mawe ya mviringo ambayo ukiyapasua unakuta fuwele ndani. Wakirudi nyumbani wanakata, wanasugua, wanatengeneza pete na vidani, mengine wanawaonyesha watoto shuleni. Mtoto aliyeshika jiwe kwa mkono wake anaielewa jiolojia kuliko aliyeona picha kitabuni.

Sasa tatizo liko wapi? Jangwa linapungua. Halijachukuliwa lote siku moja, linakatwa vipande vipande, na kila kipande kina sababu yake nzuri.

Mwaka 1994 Rais Clinton alisaini sheria ya kulinda majangwa ya California. Ikazaliwa hifadhi ya Mojave yenye ekari milioni 1.6 hivi, chini ya mamlaka ya hifadhi za taifa, ambako kuondoka na jiwe ni kosa. Sheria hiyohiyo ikatenga maeneo mengine mengi ya nyika ambayo gari haliruhusiwi kuingia. Kwenye karatasi bado unaweza kuokota jiwe huko, ila uende kwa miguu. Mwambie hivyo mzee wa miaka 75 kwenye joto la nyuzi 40, na maji yake mgongoni. Hujamkataza, lakini umemfungia.

Halafu likaja jeshi. Mwaka 2013 ikapitishwa sheria ya kupanua kambi ya Twentynine Palms kuingia bonde la Johnson. Ikaja na mitambo ya umeme wa jua. Ule wa Ivanpah, uliofunguliwa mwaka 2014, umekaa kwenye ekari 3,500 hivi za ardhi ya umma. Mimi siupingi umeme wa jua. Nasema tu kwamba kila mkubwa akihitaji nafasi, anayesogezwa ni mdogo.

Februari 2016 Rais Obama akatangaza kwa siku moja maeneo matatu ya urithi wa taifa kwenye majangwa hayo. Moja ni Mojave Trails, ekari milioni 1.6, na milima ya Cady imo ndani yake. Tangazo lina onyo la kawaida la matangazo kama hayo: asiye na idhini asiondoe kitu chochote cha eneo hilo. Waokota mawe wakauliza swali la haki kabisa: je, akiki yangu ni "kitu cha eneo hilo"? Jibu la swali kama hilo likiachwa kwa mpango wa usimamizi, maana yake limeachwa mezani kwa ofisa.

Hapo ndipo hoja yangu ilipo. Obama alitumia sheria ya mwaka 1906 inayompa rais uwezo wa kutangaza maeneo hayo bila kura ya Bunge. Alikuwa na nia njema, sikatai. Lakini kalamu ya mtu mmoja haina uaminifu. Desemba 2016 Obama huyohuyo alitangaza Bears Ears, kule Utah, eneo ambalo Wanavajo, Wahopi, Wazuni na Waute wanaliheshimu kama patakatifu. Mwaka uliofuata Rais Trump akalipunguza kwa asilimia 85 hivi. Mwaka 2021 Rais Biden akalirudisha. Leo ndani, kesho nje. Mwenyeji anayetaka makaburi ya mababu zake yalindwe hana uhakika, na mwokota mawe anayetaka njia ibaki wazi naye hana uhakika. Wote wawili wanamsubiri bwana mkubwa aamkeje.

Na msidhani hatari inatoka kwa watu wa hifadhi peke yao. Juni 2025 Seneta Mike Lee wa Utah aliingiza kwenye muswada wa bajeti kifungu cha kuuza mamilioni ya ekari za ardhi ya umma. Wawindaji, wavuvi na watu wa mazingira, wakiwemo wengi wa chama chake mwenyewe, wakapiga kelele mpaka akakiondoa. Hili ni somo kubwa. Ardhi ile iliokolewa na watu wanaoitumia. Mtu halindi mahali asipopajua. Ukiwafukuza watumiaji wadogo leo, kesho mnunuzi akija utamwita nani?

Wapinzani wa hoja hii wana jambo la msingi, na ni lazima tulijibu. Wanasema haba na haba hujaza kibaba, kila mtu akibeba jiwe moja jangwa litabaki tupu. Ni kweli imewahi kutokea. Kule Arizona, miti iliyogeuka mawe ilisombwa kwa wingi mwishoni mwa karne ya 19, mpaka Rais Roosevelt akalitangaza eneo hilo kuwa la urithi mwaka 1906. Hata leo wapo wageni wanaoiba kipande, kisha wanakirudisha kwa posta na barua ya majuto. Mahali kama pale pafungwe, naunga mkono. Lakini pale ni mahali pamoja, pa kipekee. Mojave ina mabonde na mabonde ya akiki ya kawaida ambayo mvua kila mwaka inafichua mengine. Tofauti hiyo ndiyo sababu ya kuweka kipimo cha kilo.

Kwa hiyo dai ni dogo na linatekelezeka. Haki ya kuokota iandikwe kwenye sheria yenyewe, pamoja na vipimo vyake. Njia za magari zilizopo zisifungwe kabla wanaozitumia hawajasikilizwa. Inawezekana: sheria ya mwaka 2019 ya majangwa hayohayo iliwatengea maeneo ya kudumu waendesha pikipiki na magari ya jangwani. Wale walijipanga, wakapiga kelele, wakaandikiwa. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni.

Na sisi Watanzania? Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inasema ardhi yote ni ya umma, na Rais ni mdhamini kwa niaba ya wananchi. Mdhamini, siyo mwenye mali. Mwaka 2022 kilomita za mraba 1,500 hivi za Loliondo zikatangazwa Pori la Akiba la Pololeti. Siwezi kumlinganisha anayeokota yaspi kwa burudani na mfugaji anayetafuta nyasi ng'ombe wasife. Huyu wa kwetu maumivu yake ni makubwa mara elfu. Ila kalamu ni ileile, na swali ni lilelile: mwenye mali aliulizwa?

Tukisema tunataka Katiba inayopunguza madaraka ya mtu mmoja, tusifikirie uchaguzi tu. Tufikirie na ardhi, malisho, fukwe na njia za kufika huko. Jirani yako akifungiwa njia, hata kama wewe huokoti mawe, simama naye. Siku ya zamu yako utamhitaji.

Ardhi ni ya umma. Umma ni sisi.