Waya uliolegezwa ili kuokoa mafuta

Mkiwa ni pale barabara inayotoka Mbeya kupitia Rungwa na Itigi inapokutana na ile ya Manyoni kwenda Singida. Malori na mabasi yanapita usiku na mchana. Lakini ukiiacha lami na kuingia vitongoji vya wakulima wa alizeti, usafiri ni bodaboda, na kwa wachache wenye uwezo, pikapu. Mwenye pikapu hana gari la peke yake. Mchana linabeba magunia, Jumamosi linapeleka watu msibani, na usiku mtu anagonga mlango kwamba kuna mgonjwa.

Ndiyo maana jambo linaloonekana la mafundi tu, kwamba pikapu ya gia za otomatiki ibadilishe gia mapema au ichelewe, linaweza kuwa jambo la uzazi salama.

Familia moja ya huko inalijua hili vizuri kuliko ilivyopenda kulijua. Baba wa familia hiyo, mnunuzi wa alizeti, aliumia goti la kushoto miaka kadhaa iliyopita na kukanyaga klachi kukawa mateso. Walipopata fedha walinunua pikapu iliyotumika, ya viti vya nyuma, yenye gia boksi ya otomatiki. Mguu wa kushoto ukapumzika. Mama naye, ambaye alikuwa amekata tamaa ya kujifunza kuendesha, akajifunza ndani ya wiki chache. Kwa watu wenye matatizo ya goti, nyonga au mgongo, uamuzi huo ni wa busara na wengi wangeufanya mapema kama wangejua.

Tatizo likawa mafuta. Baba aliona gari linang'ang'ania gia ya pili, injini inanguruma, ndipo linaingia ya tatu. Akampelekea fundi wa jirani ambaye maisha yake yote alikuwa ametengeneza magari ya gia za kawaida. Fundi akafungua boneti, akaona waya mwembamba unaotoka kwenye eksileta ya injini kushuka hadi kwenye gia boksi, akaulegeza kwa spana.

"Sasa itabadilisha mapema, mzee. Itakunywa kidogo," alisema.

Na kweli ikabadilisha mapema. Gari likawa laini, gia zinaingia bila kusikika, na baba akawasimulia wenzake sokoni. Wawili kati yao walikwenda kwa fundi yuleyule.

Aliyeshtuka kwanza ni mama. "Baba watoto, hili gari lina harufu kama ya kitu kilichoungua," alisema siku waliyorudi na magunia kupitia njia ya mchanga. Akajibiwa kuwa ni vumbi la breki. Wiki iliyofuata alisema tena, akajibiwa vilevile.

Mwezi haujaisha, usiku mmoja wa masika, shemeji wa jirani yao alishikwa na uchungu uliokwenda taratibu mno. Muuguzi wa zahanati alipomkagua aliandika rufaa ya kwenda Hospitali ya Mtakatifu Gaspar, Itigi, ambako upasuaji unafanyika. Alitaka kupiga simu kuomba gari. Ndugu wakasema hakuna haja, gari lipo. Lilikuwepo kweli. Mgonjwa akalazwa kiti cha nyuma, muuguzi pembeni yake, ndugu wanne na mizigo yao wakapanda nyuma, safari ikaanza.

Kwenye tope, katikati ya vichaka vya Itigi, injini ilinguruma na gari halikwenda. Baba akakanyaga zaidi. Injini ikapaza sauti zaidi, gari likasogea kama linalosukumwa na mtoto, kisha likasimama. Ndugu walishuka kusukuma. Muuguzi aliutafuta mtandao, akapiga 115, na gari likaja kuwachukua. Mtoto alizaliwa kwa upasuaji, na yeye na mama yake walirudi nyumbani salama. Pikapu ilirudi ikivutwa kwa kamba.

Fundi wa pili, wa Singida mjini, alivuta kijiti cha kupimia mafuta ya gia boksi, akakipangusa kwenye kitambaa cheupe na kuwaonyesha. Mafuta hayo yakiwa mazima huwa mekundu. Yale yalikuwa ya kahawia iliyokolea, yananuka kuungua. Harufu aliyoisikia mama haikuwa ya breki. Zilikuwa ni sahani za klachi za ndani ya gia boksi zikiungua.

Maelezo aliyoyatoa yanastahili kusikilizwa na kila nyumba yenye gari la namna hiyo, kwa sababu hayahitaji elimu ya ufundi. Gia boksi ya otomatiki ya zamani haina kompyuta. Inaamua lini ibadilishe gia kwa kushindanisha presha mbili za mafuta. Moja inapanda kadiri gari linavyokimbia, nyingine inapanda kadiri dereva anavyokanyaga eksileta. Presha ya mwendo ikiizidi ya eksileta, gia inapanda. Ndiyo sababu ukikanyaga kidogo gari linabadilisha mapema, na ukikanyaga sana ili kupanda mlima linachelewa kubadilisha, kwa makusudi, ili lipate nguvu.

Waya ule mwembamba ndio mjumbe wa eksileta. Ukikazwa, gia boksi inaamini dereva amekanyaga zaidi kuliko alivyokanyaga, basi inachelewa kubadilisha na gia zinaingia kwa kishindo. Ukilegezwa, inaamini dereva amekanyaga kidogo, basi inabadilisha mapema na kwa ulaini. Hapo ndipo mafundi wengi wanapoishia.

Lakini waya huohuo una kazi ya pili. Ndio unaoiambia gia boksi izibane klachi zake kwa nguvu kiasi gani. Ukiulegeza, presha ya kubana inashuka. Gari likiwa tupu kwenye lami hutaona kitu. Likiwa na magunia, au na watu saba kwenye tope, klachi zinateleza badala ya kushika, zinapata moto na kuungua. Ule ulaini uliosifiwa sokoni ulikuwa ni klachi zinazoteleza.

Kinamama waliohudhuria kliniki wanalijua neno presha kwa maana nyingine, ila mantiki haiko mbali. Mjamzito hupimwa presha kila hudhurio kwa sababu inaweza kupanda bila yeye kuhisi lolote, hadi kifafa cha mimba kimfike. Hakuna muuguzi anayeiamulia dawa kwa kumtazama mtu usoni. Presha ya gia boksi nayo inapimwa kwa geji, na fundi anayejua kazi huipima kabla ya kusema gia boksi imekufa au imepona.

Kwenye Toyota nyingi zenye waya huo, kipimo cha mwanzo ni rahisi kiasi kwamba mwenye gari anaweza kusimama na kuangalia. Injini inazimwa, mtu mmoja anakanyaga eksileta hadi mwisho, fundi anatazama kidonge kidogo cha chuma kilichobanwa kwenye waya. Nafasi kati ya kidonge hicho na mwisho wa mpira wa ala yake inatakiwa kuwa kati ya 0 na milimita 1. Ikizidi, nati mbili zinazoshika ala hiyo ndizo zinazorekebishwa, kidogo kidogo, kisha gari linajaribiwa barabarani. Kazi nzima inafanyika ndani ya milimita chache. Fundi wa kwanza alikuwa ameulegeza waya kwa zaidi ya upana wa kidole.

Tena waya si wa kuguswa kwanza. Fundi wa Singida alisema gari linalochelewa kubadilisha gia huulizwa maswali mengine kabla. Mafuta ya gia boksi yapo ya kutosha? Hupimwa gari likiwa tambarare, injini imepata moto na inaunguruma taratibu, baada ya mkono wa gia kupitishwa nafasi zote na kurudishwa kwenye P. Wengi hupima injini ikiwa imezimwa, kama wanavyopima oili, na wanapata jibu la uongo. Je, eksileta inafunguka hadi mwisho, au zulia la sakafuni linaizuia? Matairi ni ya saizi yake? Hili la mwisho ndilo lililomnyamazisha baba. Alikuwa ameweka matairi makubwa ili gari linyanyuke kwenye mashimo. Tairi kubwa huzunguka mara chache zaidi kwa umbali uleule, kwa hiyo gia boksi ilidhani gari linakwenda polepole kuliko lilivyokwenda, ikachelewa kubadilisha. Waya haukuwa na kosa lolote.

Kwa magari ya miaka ya karibuni habari ni nyingine. Kompyuta ndiyo inayoamua wakati wa kubadilisha gia, kwa kusoma vihisishi vya mwendo na vya eksileta. Baadhi bado yana waya, lakini ni wa presha tu, na kuulegeza hakutabadilisha muda wa gia bali kutaziunguza klachi. Mengine hayana waya kabisa. Humo fundi huanza kwa mashine ya kusomea hitilafu, na asiye nayo ni bora aseme hana.

Baadhi ya malalamiko kuhusu gia yanamalizwa na dereva mwenyewe, bila spana. Kwenye mkono wa gia wa pikapu nyingi kuna kitufe cha O/D. Ukiwa na mzigo au mgonjwa kwenye njia ya vilima au mchanga, kizime, taa ya O/D OFF iwake kwenye dashibodi. Gari litaacha kupanda na kushuka gia ya mwisho kila dakika, na yule aliyelala nyuma hatarushwa mbele na nyuma. Anayepelekwa Dodoma kupitia Manyoni atakutana na mteremko wa Saranda. Huko wengi huacha gia kwenye D na kushikilia breki hadi zinuke. Gari lishushwe na gia ya 2, au hata L, injini isaidie kulizuia. Na mjamzito aliyelazwa alale kwa ubavu, wa kushoto ikiwezekana, si chali, kwa kuwa uzito wa tumbo ukikandamiza mshipa mkubwa wa damu, yeye na mtoto wote wanakosa damu ya kutosha.

Mwaka 1994 watafiti Sereen Thaddeus na Deborah Maine waliandika kuwa vifo vya uzazi hutokana na ucheleweshaji wa namna tatu: kuchelewa kuamua kwenda hospitali, kuchelewa kufika, na kuchelewa kuhudumiwa ukishafika. Tanzania imepiga hatua. Utafiti wa kitaifa wa 2015/16 ulikuta vifo 556 kwa kila vizazi hai 100,000, ule wa 2022 ukakuta 104. Mfumo wa m-mama, uliozinduliwa kitaifa Aprili 2022, ulilenga ucheleweshaji ule wa pili. Namba yake ni 115, hupigwa bure, na hutafuta gari la wagonjwa au dereva wa jamii aliye karibu kwa ajili ya mjamzito, mzazi au mtoto mchanga mwenye dharura. Usiku ule wa Mkiwa muuguzi alikuwa sahihi tangu mwanzo. Simu ile ilipaswa kupigwa zahanati, hata kama pikapu ilikuwa mlangoni inawaka.

Kilichobaki ni deni, na hapa ndipo familia ilipogawanyika. Gia boksi ilihitaji kufunguliwa na kuwekwa klachi mpya, na bei ilimaliza faida ya msimu wa alizeti. Baba hakutaka kumdai jirani, aibu. Jirani alileta mbuzi na shukrani, akaona yamekwisha. Mama hakuona hivyo. Kwa miaka yote, alisema, watu wamechangia mafuta ya safari, hakuna aliyewahi kuchangia matairi, breki wala gia boksi, na gari likifa si la mgonjwa tena, ni la baba watoto peke yake.

Alikuwa na hoja. Madereva wa jamii wanaoandikishwa m-mama hulipwa kwa kila safari, na mama alitaka mumewe ajiandikishe. Baba aliona ni kama kufanya biashara ya wagonjwa. Walibishana kwa siku kadhaa, hadi bibi wa nyumba hiyo, mama mzazi wa baba, aliyezalia watoto wawili njiani enzi hakuna gari wala simu, alipouliza swali moja: anayelipwa na asiyelipwa, ni yupi ambaye gari lake litakuwa zima mwakani?

Baba amekubali kwenda kuulizia. Matairi ya zamani yamerudishwa, waya umepimwa, na kwenye droo ya dashibodi kuna daftari ambalo mama anaandika tarehe kila anapokagua mafuta ya gia boksi. Wale wawili wa sokoni waliambiwa. Mmoja amekwenda Singida kurekebishiwa. Mwingine bado anasifia ulaini wa gari lake.