Oti Si Chakula cha Ng'ombe Tu



Huku Nyandarua na sehemu nyingine za baridi, mkulima akiona oti hufikiri maziwa. Huikata ikiwa mbichi, akawapa ng'ombe, basi. Ukimwambia kwamba nafaka hiyo huliwa na watu, hucheka. Kisha asubuhi auza maziwa, na jioni anunua biskuti za pakiti.

Kicheko hicho ni cha zamani. Mwaka 1755 Bwana Samuel Johnson aliandika katika kamusi yake kwamba oti Uingereza hupewa farasi, lakini Scotland hulisha watu. Waskoti hawakuona haya. Katika karne ya 14 askari wao walibeba vitani bamba la chuma na mfuko wa unga wa oti, wakaoka mikate myembamba njiani. Nao wakulima wa Sweden, baada ya mwaka 1850, waliuza oti nyingi mno kwa farasi wa London. Farasi wale hawapo tena, lakini Waswidi wangali na biskuti yao ya oti, havreflarn, nyembamba hata mwanga hupenya.

Wembamba huo watokana na uhaba wa unga. Yeyusha siagi gramu 75, uimimine juu ya gramu 110 za oti iliyobanwa, ile ya dukani. Tia sukari gramu 170, yai 1, unga wa ngano kijiko 1 kikubwa na beking pauda kijiko 1 cha chai. Siagi na sukari zikiyeyuka hakuna cha kuzizuia, donge hutanda lenyewe. Basi weka madonge madogo, yaachane sana, juu ya karatasi iliyopakwa siagi. Moto uwe wa nyuzi 175, dakika 6 hadi 8. Asiye na tanuri atumie sufuria nzito, makaa machache chini na mengine juu ya kifuniko, wala asiondoke, maana huungua upesi. Zikiiva huwa laini. Ngoja zigande kidogo ndipo uzibandue kwa kisu.

Msisage mbegu ya kupanda, kwa kuwa mara nyingi hutiwa dawa yenye sumu. Na oti ya shambani ina ganda gumu lililoshikamana na punje, haiokwi mpaka ikobolewe. Hapo ndipo penye neno langu. Chama cha ushirika kilichoweza kununua mtambo wa kupozea maziwa chaweza pia kufikiria mashine ndogo ya kukoboa, na kila mwanachama akaacha pembe moja ya oti yake ikomae. Mimi ni karani tu, si Bwana Shamba, lakini naomba jambo hili lipelekwe kwenye mkutano mkuu, na akina mama wawepo siku hiyo, kwani wao ndio waokaji.