Goma: Gari la kubeba watu si gari la mashindano

Vijana wengi wa garaji mjini Goma wanapenda magari ya mashindano, na hapo hakuna ubaya. Ubaya unaanza pale fundi anapolifanyia gari la abiria kazi ya gari la mashindano: kutoa kapeti, sponji na vile vipande vyeusi vya lami vilivyobandikwa kwenye bati ili kupunguza kelele, kisha kusugua kole kwa esansi. Shofa anaambiwa gari litakuwa jepesi na litakula mafuta kidogo. Hesabu hiyo ni ya uongo, na anayeilipa ni abiria.

Gari la mashindano linapunguzwa uzito kwa sababu sekunde moja inaweza kuamua mshindi. Ndani yake yuko dereva, pengine na msaidizi mmoja. Amevaa kofia ngumu na nguo za kukinga moto, amefungwa mikanda, na kizima-moto kiko karibu. Je, mama aliyehama vita, anayetoka Sake na watoto, godoro na bidoni, yeye amevalishwa kofia gani?

Tena, vipande hivyo katika gari dogo mara nyingi havifikii uzito wa gunia la unga la kilo 25. Shofa anatoa kilo hizo sakafuni, kisha anapakia magunia manne juu ya paa na kubananisha watu wanne kwenye kiti cha watatu. Faida iko wapi?

Hasara ndiyo inayoonekana. Lami ile inazuia bati lisitetemeke, sponji inapunguza joto. Katika Hiace za zamani injini iko chini ya viti vya mbele, kwa hiyo anayekaa pale bila kinga amekalia jiko. Vifuniko vya matundu ya sakafu vikitupwa pamoja na uchafu, vumbi na moshi wa injini vinapata njia ya kuingia. Ndani ya moshi huo kuna gesi isiyo na harufu inayoweza kuua. Na bati lililokwanguliwa likaachwa wazi linashika kutu.

Kubwa zaidi ni maisha ya wanafunzi wa garaji. Wengine ni watoto wa familia zilizohama, waliotumwa na wazazi ili wapate ufundi wa kuwalisha kesho. Mtoto anapewa kitambaa na kopo la esansi, anaingizwa ndani ya gari. Mvuke wa esansi ni mzito kuliko hewa: unatulia chini, pale pale alipopiga magoti. Unaleta kizunguzungu, na cheche moja ya betri inatosha kuwasha gari zima naye akiwa ndani.

Katika nchi za mbali, mafundi wa magari ya mashindano wanatumia barafu kavu, yenye baridi ya digrii 78 chini ya sifuri. Lami inakauka kama kioo, inagongwa kwa nyundo, inabanduka. Lakini barafu hiyo ikipata joto inageuka gesi ile ile ya mazuku, ambayo wakaaji wa Goma hawahitaji kufundishwa: haina rangi, inalala chini, inaua kimya kimya. Fundi anayeitumia milango ikiwa imefungwa amejitengenezea mazuku yake mwenyewe.

Mwenye gari la mashindano afanye kazi yake kwa akili: milango yote wazi, betri imetolewa, hakuna sigara wala moto. Lami ikwanguliwe kwa ubao au plastiki. Kole iliyobaki ilainishwe kwa mafuta ya kupikia, ioshwe kwa sabuni, kisha bati lipakwe rangi ya kuzuia kutu.

Kuna shofa anayejitetea kwamba kapeti lililolowa maji linanuka. Ni kweli. Basi alitoe, alianike, atafute mahali maji yanapoingilia, kisha alirudishe.

Vyama vya mashofa visikae kimya juu ya jambo hili. Mzazi aende garaji aone mtoto wake anashikishwa nini. Na abiria, kabla ya kutoa pesa, achungulie sakafu na kuuliza kapeti imekwenda wapi. Nauli yake ni ya kufikishwa nyumbani akiwa mzima, hakulipia mashindano.