Tarakilishi ya Sebuleni: Je, Ina Tija?

Ukiona vyaelea, vimeundwa. Ni nadra kwa mtu anayeketi sebuleni jioni, akabonyeza kitufe na sinema ikaanza, kujiuliza ni mtambo gani ulio nyuma ya picha anayoitazama. Aghalabu siku hizi mtambo wenyewe ni runinga erevu iliyounganishwa na mtandao, au kijiti kidogo kilichochomekwa ubavuni mwake. Hata hivyo, wapo wanaoshikilia kuwa mahali hapo panastahili tarakilishi kamili, yenye diski yake na programu zake, isiyo na kazi nyingine ila kuhifadhi na kuonyesha sinema, muziki na picha za jamii. Kiswahili hakijaipa tarakilishi hiyo jina moja. Makala haya yanaiita tarakilishi ya sebuleni, kwa kuwa mahali pake ndipo panapoitofautisha na zile za ofisini (msomaji wa Dar es Salaam ana ruhusa ya kusema kompyuta). Swali linalozuka ni iwapo inafaa kununuliwa.

Zamani jibu halikuwa gumu. Mnamo mwaka wa 2002 kampuni ya Microsoft ilitoa toleo la Windows XP lililoitwa Media Center, lenye maandishi makubwa ya kusomeka kutoka kitini, na lililoendeshwa kwa rimoti. Mwaka uo huo wapenzi wa programu huria walianzisha MythTV, na wengine wakaanza kuandika, kwa ajili ya mtambo wa michezo wa Xbox, programu ambayo tangu 2014 inajulikana kama Kodi, jina lisilo na uhusiano wowote na ushuru wala na nyumba ya kupanga. Runinga ya enzi hizo ilikuwa sanduku bubu. Ilionyesha kilichorushwa hewani na kilichotiwa kwenye mashine ya kanda au ya DVD, basi. Aliyetaka kukusanya vyote hivyo mahali pamoja hakuwa na njia nyingine.

Mambo yamegeuka. Kijiti cha Chromecast kilitoka mwaka wa 2013, na Netflix ikafungua milango yake nchini Kenya Januari 2016. Baina ya miaka hiyo miwili, mnamo 2015, Microsoft ilitoa Windows 10 ikaiacha Media Center nje. Waliokuwa wamepanga sebule zao kuizunguka programu hiyo walijikuta mfano wa mpangaji aliyeambiwa ahame.

Fauka ya hayo, kuna gharama isiyoonekana dukani. Tarakilishi ya mezani inayokula wati 60, ikiachwa macho mchana na usiku, hutumia takribani uniti 525 za umeme kwa mwaka. Kijiti cha wati 3 hakizidi uniti 27 kwa muda huo huo. Hata ikiwashwa kwa saa sita tu kila siku, tarakilishi hiyo bado inadai uniti 131. Ni kweli kwamba zipo tarakilishi ndogo zisizo na ulafi kama huo, mathalani Raspberry Pi iliyozinduliwa mwaka wa 2012, ambayo hutosheka na wati chache. Lakini udogo haumwondolei mwenyewe mzigo wa ufundi. Programu hudai kusasishwa, umeme hupotea diski ikiwa katikati ya kuandika, na sauti hutoweka bila sababu. Mama mzazi aliyekuja kutembea anataka taarifa za habari za saa moja usiku. Anakutana na kiwambo kinachomdai nywila, naye mjuzi wa mtambo yuko safarini. Sebule ambayo runinga yake inaweza kuwashwa na mtu mmoja tu ina kasoro, hata kama picha yake inang'aa vipi.

Isitoshe, baadhi ya huduma za kutazamia sinema mtandaoni haziiamini tarakilishi. Zikihofia wizi wa kazi zao, huituma picha ya daraja ya juu kabisa kwa runinga erevu na vijiti zilivyovipa idhini, huku mwenye tarakilishi, aliyetumia fedha nyingi zaidi, akipewa picha hafifu. Kwa hiyo, mtu ambaye haja yake ni kutazama yale tu ambayo huduma hizo zimemwandalia hana sababu yoyote ya kununua tarakilishi ya sebuleni. Angeinunua, angekuwa amenunua usumbufu.

Wengi wanaolijadili suala hili hukomea hapo, na hapo ndipo wanapokosea. Wanapima mtambo kwa ubora wa picha na wepesi wa rimoti, wakasahau kuuliza ni picha za nani zitakazoonyeshwa. Kwa anayetazama filamu za Hollywood, hesabu iliyotangulia inatosha. Kwa mwanafunzi na mhadhiri wa Kiswahili haitoshi.

Chukulia mhadhiri aliyefundisha kwa miaka thelathini. Katika kabati lake mna kanda za VHS za tamthilia zilizoigizwa na wanafunzi wake, kaseti za mahojiano na malenga wa Pwani, na vipindi vya Vitimbi, Vioja Mahakamani na Tausi alivyovinasa kutoka runingani. Hakuna kampuni ya ng'ambo itakayoomba idhini ya kumrushia tamthilia za wanafunzi wake. Vipindi vya runinga, baadhi yake, vimewekwa mtandaoni na watu wa kujitolea. Lakini kilichowekwa na mtu baki huweza kuondolewa na mtu baki. Sinema nazo hukaa katika huduma za kulipia kwa mikataba yenye mwisho. Mwanafunzi anayelinganisha riwaya ya Shafi Adam Shafi, Vuta N'kuvute, na filamu ya Amil Shivji ya mwaka wa 2021, au anayetaka kurejelea Arusi ya Mariamu ya 1985, hawezi kuijenga tasnifu yake juu ya orodha inayobadilika bila yeye kuarifiwa.

Wakati huo kanda zinaoza kabatini. Unyevu wa Mombasa na Lamu huzaa kuvu, utepe hunata, na mashine za kuzichezesha zinazidi kuadimika. Kuzihamishia kwenye tarakilishi ni kazi isiyo na njia ya mkato: kanda ya saa moja huchukua saa moja. Nafasi, kinyume na wanavyodhani wengi, si tatizo. Saa moja ya kanda ya zamani ikihifadhiwa kwa ubora wa kuridhisha huhitaji gigabaiti mbili hivi; kwa hiyo saa 200 zinaingia katika diski ya gigabaiti 500 na nafasi ikabaki. Diski yenyewe iwe na pacha wake, ahifadhiwe nyumba nyingine, maana diski moja si hifadhi.

Hapa atatokea mpinzani aseme kuwa diski inaweza kuchomekwa kwenye runinga erevu moja kwa moja. Inaweza, ila runinga hizo huchagua: faili za aina za kisasa huzisoma, nyingi za zamani huzikataa, na baada ya miaka michache mtengenezaji huacha kuzisasisha. Programu za VLC na Kodi husoma takriban kila aina ya faili. Tena, tangu Kenya ilipohamia matangazo ya dijitali mwaka wa 2015, kipokezi kidogo cha DVB-T2 kikichomekwa kwenye tarakilishi kinaweza kunasa matangazo ya stesheni zisizolipiwa: mahojiano na mwandishi, kwa mfano, au mjadala wa riwaya teule. Sharti ni kuwa kinasacho kiwe cha masomo ya aliyenasa. Anayenakili kazi za wasanii ili aziuze barabarani ni mwizi, na Sheria ya Hakimiliki ya 2001 haimwiti jina jingine la heshima.

Lakini kazi kubwa zaidi huja baada ya kunasa. Programu za sebuleni huzitambua filamu za Marekani zenyewe, zikazipambia picha, majina ya waigizaji na mwaka. Zikikutana na tamthilia ya wanafunzi iliyoigizwa 1988, hunyamaza. Mwenye mkusanyiko hana budi kuandika mwenyewe nani aliigiza, nani alielekeza, wapi, na malenga anayesikika anasema Kimvita au Kiamu. Orodha hiyo ikikosekana, faili 300 zenye majina ya tarakimu hazina faida kuliko kanda zilizooza. Kuiandaa kunahitaji watu waliokuwapo, na watu hao wanazidi kupungua kila mwaka.

Basi si lazima kila nyumba iwe na tarakilishi ya aina hii. Chumba cha chama cha wanafunzi, au maktaba ndogo ya idara, pangefaa zaidi kuliko sebule kumi, kwa sababu pana vijana wenye subira ya kuketi na kanda saa nzima na wazee wa kuulizwa majina. Tarakilishi ndogo iliyokwisha kutumika ofisini inatosha, pamoja na diski mbili, betri ya akiba ya kuikinga dhidi ya umeme unaokatika ghafla, na desturi ya kuizima usiku. Mhadhiri anayeitaka nyumbani kwake naye aiweke. Ila rimoti ya runinga ibaki palepale ilipokuwa, ili mama apate taarifa zake za saa moja bila nywila.