Arusi ya Juu ya Majabali

Juma hili twajibu swali la vijana wawili wa hapa Kisangani, ambao majina yao hatutayataja, maana wazazi wao nao husoma ukurasa huu. Wamechumbiana yapata miaka miwili. Orodha ya mahari imekwisha pelekwa nyumbani kwa kijana, nayo ni ndefu: mbuzi, suti ya baba mkwe, vitenge vya mama mkwe na vya mashangazi, taa, panga, mfuko wa chumvi, na fedha juu yake. Kila mara kijana akaribiapo kuitimiza, hutokea mjomba mwingine kudai fungu lake. Basi wawili hao wameona katika simu zao picha za maarusi wa Ulaya waliosimama peke yao juu ya majabali marefu ya pwani, bahari ikipiga chini yao, pasipo shangazi wala mjomba, wala sahani mia mbili za wali. Wanatuuliza: Tukikusanya nauli tukaenda huko kimya kimya, tukarudi na cheti mkononi, itakuwa dhambi? Na je, itakuwa ndoa?

Kabla ya kujibu yafaa tuwakumbushe habari moja ya kweli, maana wao si wa kwanza kati ya watu wasemao Kiswahili kutafuta arusi ng'ambo ya bahari.

Mwaka 1844 huko Unguja, katika jumba la Mtoni, alizaliwa Bibi Salme, binti wa Sultani Said bin Sultan. Jina la ukoo huo si geni kwetu. Kiswahili tunachokisema hapa kiliteremka Lualaba pamoja na misafara ya watu wa pwani, na Tippu Tip, mtu wa Unguja, aliwekwa kuwa liwali hapa kwenye maporomoko mwaka 1887. Salme alifiwa na baba yake mwaka 1856, na mama yake miaka mitatu baadaye. Alikuwa amejifunza kuandika kwa siri, jambo lisilokuwa desturi kwa mabinti wa jumba lile. Akiwa mjini alikaa jirani na mfanya biashara kijana kutoka Hamburg, jina lake Heinrich Ruete. Dari za nyumba za mawe zimekaribiana sana, na maneno huvuka njia nyembamba kwa urahisi. Wakapendana. Yeye alikuwa binti wa Sultani na Mwislamu, huyu mgeni na Mkristo. Hapakuwa na mzee hata mmoja ambaye angeweza kutumwa kuposa. Kisha ikaonekana kwamba Salme ni mja mzito.

Mwezi wa Agosti mwaka 1866, katika siku za sherehe ya Mwaka, wanawake wa mji wanaposhuka pwani kuoga usiku, Salme alishuka pamoja nao, akaingia katika mashua, akachukuliwa mpaka manowari ya Kiingereza iitwayo Highflyer. Meli ikampeleka Aden. Mwenye kupenda majabali na aitazame Aden: mji wa kale umekaa ndani ya mlima wa moto uliozimika zamani, miamba myeusi imeuzunguka, na bahari iko chini. Huko alipokewa na mume na mke, Wahispania aliofahamiana nao Unguja, akangoja. Alingoja miezi tisa, maana mchumba wake alibaki nyuma kumaliza shughuli zake za biashara. Mtoto akazaliwa huko huko mwezi wa Desemba, baba yake hayupo. Tarehe 30 Mei 1867 Ruete alikuwa amefika. Siku ile ile Salme akabatizwa, akaitwa Emily, na siku ile ile wakafunga ndoa kwa utaratibu wa Kiingereza. Kisha wakaanza safari kwenda Ulaya. Yule mtoto akafa njiani, katika nchi ya Ufaransa.

Hatuandiki haya ili kumhukumu. Alikuwa msichana katika shida kuu, na huenda kukaa Unguja kungemwua. Lakini tazameni yaliyofuata. Huko Hamburg alizaa watoto watatu katika miaka mitatu. Mwezi wa Agosti mwaka 1870 mumewe aligongwa na tramu ya farasi, akafa. Hatusemi kwamba tramu ilimgonga kwa sababu ya kutoroka. Hayo ni mawazo ya wapiga ramli. Twasema tu kwamba siku ile mjane wa miaka ishirini na mitano, mwenye vitoto vitatu, hakuwa na upande wake hata mtu mmoja wa damu wa kuketi naye matangani. Mali ikapungua. Akafundisha lugha ili apate riziki. Mwaka 1885 alirudi Unguja akiwa katika meli ya Wadachi, na kaka yake Barghash, ambaye sasa ndiye Sultani, hakutaka kumwona uso. Urithi aliodai hakupewa. Wakubwa wa Ulaya walimtumia katika mashindano yao ya kupata nchi, wakamwacha. Akajaribu tena mwaka 1888, ikawa vile vile. Kitabu cha maisha yake kilitolewa mwaka 1886, na kila akisomaye huona jinsi alivyoitamani nyumbani. Alikufa huko Jena tarehe 29 Februari 1924, akazikwa Hamburg. Husimuliwa kwamba katika vitu vyake kulikuwa na mchanga wa pwani ya Unguja aliouweka miaka yote, ukatiwa kaburini pamoja naye.

Twarudi sasa kwa vijana wetu na picha zao.

Wanadhani kwamba wale maarusi wa majabalini ni watu waliotoroka. Zamani ndivyo ilivyokuwa. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1753 iliwazuia vijana chini ya miaka ishirini na mmoja kuoana bila ridhaa ya wazazi, lakini haikuwahusu watu wa Skotlandi, ambako ilitosha wawili kutamka mbele ya mashahidi kwamba wameoana. Basi vijana walikimbilia kijiji cha kwanza kuvuka mpaka, Gretna Green, na mhunzi akawafungisha ndoa penye fuawe lake. Kutoka Ireland nako, wengine walivuka bahari hadi Portpatrick, bandari ndogo yenye miamba katika pwani ya Galloway; yasimuliwa kwamba mtu aliweza kushuka Jumamosi, kutangazwa Jumapili, na kuoa Jumatatu. Walakini serikali yenyewe ilichoka na mambo hayo. Mwaka 1856 ikaamuru kwamba mmoja wao lazima awe amekaa Skotlandi siku ishirini na moja, na mwaka 1940 ndoa ya kutamka tu ikafutwa kabisa.

Leo maelfu bado huenda Gretna kila mwaka, na wengine hupanda majabali, lakini hao si watoro. Anayetaka kuoa Skotlandi lazima barua yake ifike kwa mwandishi wa ndoa siku ishirini na tisa kabla. Kule Ireland ni miezi mitatu. Atokaye nchi kama yetu aongeze viza, na Uingereza ina viza ya pekee kwa mgeni ajaye kufunga ndoa. Aongeze cheti cha kuzaliwa, na hati ya kwamba hana mke kwao. Ili kuanza safari ya kuomba viza yatubidi kwanza kufika Kinshasa, nako kwa njia ya mto ni zaidi ya kilomita 1,700. Na baada ya yote hayo, juu ya jabali lile, upepo ukivuma, sheria ya Skotlandi na ya Ireland pia zataka wasimame mashahidi wawili! Nani atakayeshuhudia? Mpiga picha na dereva wa gari, watu ambao kesho hawatakumbuka hata majina yenu.

Hapo ndipo Eklezia na serikali wanapopatana. Kwa karne nyingi Eklezia alikubali kwamba neno la mume na mke latosha kufanya ndoa, hata likisemwa chumbani. Matokeo yalikuwa machungu: mwanamume alimwambia msichana maneno ya ndoa pasipo mtu, na alipochoka akakana, akaoa mwingine kanisani mbele ya wote, na yule wa kwanza, mwenye mtoto mgongoni, hakuwa na shahidi. Kwa ajili hiyo Mtaguso wa Trento uliamuru mwaka 1563 kwamba ndoa ifungwe mbele ya paroko na mashahidi wawili au watatu. Na kwa amri iliyoanza kutumika Pasaka ya mwaka 1908 sheria hiyo ikaenezwa karibu duniani pote. Nayo imo bado katika Sheria ya Eklezia ya mwaka 1983. Wengine husema masharti haya ni ukali wa mapadri. Sisi twaona kwamba yaliwekwa hasa kwa ajili ya msichana yule.

Basi jibu la swali la pili: Wakatoliki wawili wakisimama juu ya jabali mbele ya mwandishi wa serikali tu, serikali ile itawaandika kuwa mume na mke, lakini mbele ya Eklezia hawajafunga ndoa. Wakitaka kufunga ndoa ya kweli ng'ambo, njia ipo na haina siri: paroko wa mmoja wao atoe ruhusa, hati zitumwe, padri wa huko awapokee kanisani mwake. Nje ya kanisa, penye miamba na mawimbi, ni Askofu wa mahali pale atakayesema ndiyo au hapana.

Tena iko sheria ya nchi yetu. Sheria ya Jamaa ya tarehe 1 Agosti 1987, iliyorekebishwa tarehe 15 Julai 2016, yataka wote wawili wawe wametimiza miaka kumi na minane, na kwamba mahari yapatanwe kati ya jamaa mbili. Lakini, enyi vijana, someni vizuri, na wajomba nao wasome: sheria yasema ndoa yaweza kufungwa mahari yakiwa yametolewa angalau sehemu yake. Angalau sehemu! Haikusema orodha nzima, wala haikusema mpaka mjomba wa mwisho ashibe. Na kwa Eklezia mahari siyo yanayofanya ndoa. Ni hiari ya wawili. Ila padri hawezi, pasipo ruhusa ya Askofu, kuwafungisha ndoa ambayo serikali haitaitambua, na ndiyo maana atawauliza kwanza habari za komini na za wazee.

Kuhusu dhambi, twasema hivi. Kutaka arusi ndogo si dhambi. Kukataa sahani mia mbili za wali na deni la miaka mitatu ni akili, nasi twawasifu. Lakini kumficha mama siku ya arusi ya bintiye, akaja kuisikia kwa majirani sokoni, hilo ni jeraha, na twawasihi wasilitende.

Na ninyi wazazi, msifurahi upesi, maana neno letu lenu ni zito kuliko lao. Mahari ya kale yalikuwa kiungo cha jamaa mbili. Mkwe alileta, nanyi mkapika, mkala pamoja. Siku hizi baadhi yenu huandika orodha kama mwenye duka aandikavyo bei. Mwaona vijana wangapi katika Mangobo na Tshopo na Kabondo wakiishi pamoja bila ndoa yoyote, yale yaitwayo mjini yaka tofanda? Je, wote hao ni wahuni? Wengi walianza kwa kubisha hodi kwenu, wakapewa karatasi, wakaisoma, wakaondoka wameinamisha vichwa. Mwaka uliofuata msichana akahama usiku na sanduku lake. Hakwenda Aden wala Skotlandi. Alivuka mitaa miwili tu. Watoto wakazaliwa. Nanyi mkakasirika, mkakaa mkidai mbuzi, na wajukuu wenu wakawapita njiani bila kuwaamkia, kwa kuwa hawakufundishwa kwamba ninyi ni nani.

Kwa hiyo vijana wetu na wafanye hivi. Wamtafute mzee mmoja anayeheshimiwa nyumbani kwa msichana, si rafiki wa kijana. Aende na sehemu ya mahari iliyopatikana, mkononi, pamoja na ile karatasi, aseme wazi: hiki ndicho tulicho nacho, na kilichobaki tutaleta kidogo kidogo, kiandikwe leo na pande zote mbili zitie sahihi. Wazee wengi wakiona mali mbele yao na heshima juu yake hulainika; tumeona hivyo mara nyingi kuliko mara walizokataa. Kisha waende komini, kisha kwa paroko, na vyeti vya ubatizo vilivyoandikwa upya. Wageni wawe ishirini, wakipenda.

Na kama bibi arusi bado anatamani picha yenye miamba na maji yanayonguruma, Wagenia hapo penye maporomoko wamesimamisha miti yao ya kuvulia samaki juu ya majabali tangu kabla ya Stanley kufika. Hapahitaji viza, na jioni mtakuwa mmerudi nyumbani kwa chakula. Mama naye aweza kufika, akivaa viatu visivyoteleza.